Teki za nyatiti: namna ninavyozipanga na kuziunga nyumbani Kisumu

Kwa anayerekodi muziki nyumbani, kazi nzito huanza mwanamuziki akishaenda zake. Unafungua kompyuta, unakuta teki, yaani rekodi za wimbo mmoja zilizorudiwa-rudiwa, zimejaa, zote zinakaribiana kwa uzuri, na hakuna hata moja iliyonyooka mwanzo hadi mwisho. Mimi hurekodia chumbani kwangu Manyatta, hapa Kisumu. Wanaonijia ni wa aina mbili: vijana wanaoimba juu ya biti, na wazee wa nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo. Miaka hii yote nimeona kwamba teki za vijana na za wazee hazipangwi kwa mtindo mmoja, na nyatiti ndiyo iliyonifunza zaidi.

Natumia REAPER, programu ya kurekodia kwenye kompyuta. Wanakuachia uijaribu siku 60 bila kukufungia chochote, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na haichoshi laptopu kuukuu. Kwa vijana mambo ni mepesi. Biti haibadilishi mwendo, kwa hivyo naweka alama mwanzo na mwisho wa ubeti, nawasha marudio, naye mwimbaji anaimba tena na tena bila kusimama. Kila mzunguko unakaa kama teki mpya ndani ya kipande kilekile. Nikibonyeza T zinapokezana. Nikibonyeza Ctrl na L zinafunguka zote, moja chini ya nyingine. Toleo la 7, lililotoka 2023, liliongeza leni za kudumu, yaani safu za kupangia teki: unaburuta kipanya juu ya mstari unaoupenda katika leni hii, kisha mstari mwingine katika leni ile, na programu inakuungia teki moja huku zile za awali zikibaki zilivyo. Nakata kabla tu mwimbaji hajavuta pumzi, ili pumzi iandamane na maneno yake. Basi.

Kwa nyatiti mtindo huo haufai hata kidogo. Mpiga nyatiti hafuati mdundo wa mashine, mdundo anao mwenyewe mguuni. Anakaa kwenye kigoda, nyuzi nane mbele yake, oduong'o, ile pete ya chuma, imevishwa kidole gumba cha mguu na inagonga mti wa chombo, gara, yaani njuga, zinalia mguuni, na wakati huohuo anaimba. Ukimwekea mlio wa metronomu masikioni unamnyang'anya wimbo wake. Sasa, kwa kuwa mwendo ni wake, teki moja huwa ndefu kuliko nyingine. Ukizipanga juu kwa chini, dakika ya pili hii iko kwenye ubeti wa pili na ile bado inachezesha nyuzi tu. Kwa hivyo za nyatiti nazilaza kwa mfululizo kwenye mstari wa wakati, moja baada ya nyingine, nikiacha nafasi katikati. Kila teki naizungushia eneo lenye jina lake, na ule mpangilio wa programu unaovuta vipande vifuate gridi ya mdundo nauzima kabisa.

Sauti na nyuzi pia hazitenganishiki. Kifaa changu kina matundu mawili ya maiki: moja naielekeza mdomoni, nyingine naiweka chini, kati ya ngozi ya nyatiti na mguu. Lakini maiki ya mdomoni inasikia nyuzi, na ya chini inasikia sauti. Hapo huwezi kuchukua sauti ya teki hii ukaipachika kwenye nyuzi za teki ile, kwa sababu ile sauti ya zamani ingali inasikika nyuma. Traki zote mbili, moja ya kila maiki, naziweka kundi moja, nikikata moja na nyingine inakatwa palepale, na siisogezi moja peke yake hata kwa kiasi kidogo.

Linalonisumbua zaidi ni nyuzi kulegea. Siku hizi ni za nailoni, za aina ya uzi wa kuvulia samaki, na chombo kina ngozi, nayo ngozi husikia unyevu. Mvua ya alasiri ikikaribia, lile tuni lililowekwa asubuhi linaanza kushuka polepole. Anayepiga haoni shida, kwani sauti yake inashuka pamoja na nyuzi. Shida inatokea ukiunga teki ya kwanza na ya mwisho: panapoungana, wimbo unateleza chini ghafla. Kwa hivyo kabla ya kila teki namwomba apige nyuzi zote nane, moja moja, mashine ikiwa tayari inarekodi. Nalinganisha mwanzo wa kila teki na mwenzake, najua zipi zinaweza kuoana na zipi haziwezi kamwe. Wengine hurekebisha kwa kupandisha tuni kwa kompyuta. Mimi sifanyi hivyo, maana na sauti ya mzee inapanda nayo, na wanaomjua watasikia si yeye. Tena tunaanza mapema, maana mabati ya nyumba yangu mvua ikinyesha hayaruhusu kurekodi chochote.

Mshono nauweka kwenye oduong'o. Navuta picha ya sauti hadi naona ule mlio wa chuma umesimama kama mwiba, nakata kabla yake kidogo tu, na kipande kinachoisha nakifanya kififie ndani ya milisekunde chache huku kinachofuata kikiingia. Mlio wenyewe unaufunika mshono. Ila gara zina mkia: baada ya mguu kutua zinaendelea kuchakarika, na ukiukata mkia huo msikilizaji anashtuka bila kujua ameshtushwa na nini. Panapokuwa na gara naachia vipande vipishane kwa muda mrefu zaidi. Kazi hii naifanya nimefumba macho, kwa sababu picha ya kompyuta inaweza kuonyesha mshono safi ambao sikio linaukataa.

Wimbo wa dakika 6 kwa traki mbili, nikirekodi kwa ubora wa kilohezi 48 na biti 24, unakula takriban megabaiti 100 kwa kila teki. Si nyingi. Sifuti kitu mpaka mwenye wimbo asikilize, na sababu yake ni pakruok, ile desturi ya Waluo ya kusifu watu.

Katikati ya wimbo mpiga nyatiti huwataja watu na kuwasifu: rafiki, shemeji, mtu wa kijijini. Kila teki ina majina yake. Kwa hiyo ukichagua teki umechagua nani asifiwe, na uamuzi huo si wa mrekodi. Jaduong' mmoja, yaani mzee, nilimwita asikilize nilivyounga wimbo wake. Nilikuwa nimechukua ubeti wa tatu kutoka teki yenye nyuzi safi zaidi. Alisikiliza hadi hapo, akainua mkono nisimamishe.

"Nyathina, mwanangu, shemeji yangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwamba alikuwa kwenye teki iliyofuata, ambayo nyuzi zake zilikuwa zimeshashuka.

"Basi wimbo uko huko," akasema.

Nikaifanya teki hiyo kuwa uti wa mgongo. Kila kipande nilichoongeza kilitoka kwenye teki zilizorekodiwa karibu nayo, zenye tuni inayokaribiana, hata zile safi za asubuhi nikaziacha nje. Wimbo wote sasa uko chini kidogo kuliko alivyouanza siku ile, na umetulia. Aliuchukua kwenye flashi. Teki ya asubuhi, iliyomsifu mjomba wake, ameniomba niiunge kivyake ili aipeleke Ugenya kwenye harusi, na ndiyo niliyoifungua leo.