Tairi Lililochanika Tanuf

Riyali 15 kwa siku ndiyo bei niliyotozwa Muscat kwa kukodi baiskeli ya milimani. Kwa kuwa riyali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa siku tano nililipa fedha ambazo kwetu Tanga zingeninunulia baiskeli mpya na chenji ikabaki. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukata tiketi ya ndege, na kwa sababu kwa miaka mingi nilitamani kuuendea mlima wa Jabal Akhdar polepole, nikiwa juu ya magurudumu mawili kama nilivyozoea tangu utotoni. Mwenye duka alinihakikishia kwamba ndani ya mkoba mdogo chini ya kiti mlikuwa na kila kitu: tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu. Sikuufungua. Hilo ndilo kosa lililonigharimu siku nzima, na ndilo lililonikutanisha na mtu ambaye kwa ajili yake naandika haya.

Siku ya kwanza niliianza Birkat al-Mawz, mji wa migomba na mitende ambamo mfereji wa kale uitwao Falaj al-Khatmayn bado unagawa maji mashambani. Nizwa nililala usiku mmoja katika chumba kilichonigharimu riyali 22, bila chai ya asubuhi. Mengine ya siku hiyo sina haja ya kuyasimulia.

Asubuhi ya siku ya pili nilifika Tanuf. Ni mji wa magofu, umekaa mdomoni mwa korongo, chini ya ukuta wa mlima unaopanda wima kiasi kwamba jua huchelewa kuufikia. Niliyapita magofu bila kusimama, nikijiambia kwamba nitayatazama nikirudi, kisha nikaingia korongoni kwa njia ya mawe inayofuata wadi, yaani mto unaopata maji mvua inyeshapo tu. Mlima huu ni wa mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Katika baadhi ya mawe nilikuta alama za kombe, zimeganda humo kama kokwa ndani ya tende, nami nikiwa mamia ya mita juu ya bahari. Maji ya mvua huliyeyusha jiwe la aina hii kidogo kidogo. Kwetu maji hayohayo ndiyo yaliyochimba mapango ya Amboni, na huko Oman yamechimba pango la Al Hoota, ambalo haliko mbali na Tanuf. Lakini juu ya ardhi, pale ambapo jiwe halikufunikwa na udongo, maji huacha mifereji na kingo nyembamba zinazokata kama wembe. Mguu wenye kiatu kizuri huweza kuzikwepa. Tairi linaloteremka kwa kasi haliwezi.

Nilikuwa nimepanda kwa muda wa karibu saa mbili, nikageuza, na nilikuwa nikiteremka kwa furaha kubwa, breki nimezishika kwa vidole viwili tu, niliposikia mlio mfupi kama wa kitambaa kikichanwa. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni, tundu la urefu wa kidole gumba, na tyubu imetokeza nje. Nikafungua mkoba. Tyubu ya akiba ilikuwemo, lakini valvu yake ilikuwa nene kama ya gari, wakati tundu la rimu lilitobolewa kwa valvu nyembamba, kwa hiyo haikupenya. Viraka vilikuwepo. Solusheni ilikuwa imekauka, kopo zima limekuwa gumu kama jiwe nililokuwa nimelikalia. Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu fundi yeyote wa barabara ya kumi na mbili Tanga, hata yule anayefanya kazi chini ya mwarobaini akiwa na kisanduku kimoja cha mbao, angeona aibu kumwachia mteja aondoke na vifaa vya namna ile, naye hatozi riyali 15 kwa siku.

Nikaisukuma baiskeli hadi magofuni, nikakaa kivulini chini ya tao lililobaki la nyumba ambayo paa na kuta zake nyingine zimekwisha. Kando yangu mfereji ulikuwa unapita umejaa maji safi, kana kwamba mji bado una wenyewe. Historia ya mahali hapo niliifahamu kwa kusoma. Tanuf ulikuwa mji wa Suleiman bin Himyar, bwana wa Jabal Akhdar, ambaye katika miaka ya 1950 alisimama pamoja na Imamu Ghalib bin Ali na nduguye Talib dhidi ya Sultani Said bin Taimur. Ndege za Kiingereza, zilizokuja kumsaidia Sultani, ziliupiga mji kwa mabomu, na vita hivyo havikwisha mpaka Januari 1959, askari wa Kiingereza walipoupanda mlima usiku. Baada ya hapo magofu yaliachwa yalivyo.

Pikapu ikaja, akashuka mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya nakshi, akaanza kujaza madumu kwenye mfereji. Tukasalimiana kwa Kiarabu, kisha akaniuliza jambo ambalo Kiarabu changu kidogo hakikulifikia. Nilitazama tairi, nikasema peke yangu, kwa uchovu, "Leo nimekwisha."

"Hujesha bado," akasema. "Unatoka wapi, mwanangu?"

Nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akacheka mpaka akaweka dumu chini. Nilipomwambia Tanga, akauliza kama ni Tanga mjini, kisha akasema yeye ni mtu wa Pangani, amezaliwa hapo na kusoma hapo, na kwamba alikuja Oman mwaka 1971 pamoja na baba yake, baada ya Sultani Qaboos kuchukua nchi na kuwaita watu warudi. Babu yake alitoka Tanuf hii hii akiwa kijana, zamani kabla ya vita, akaenda Pangani kununua mbata na kuuza nguo, na hakurudi tena.

Kazi ya tairi aliifanya yeye. Alitoa nyuma ya pikapu kipande cha tairi kuukuu la pikipiki, akakikata kwa kisu kikawa na umbo la jani la mkungu, akakipitisha ndani ya tairi langu kulifunika lile tundu, akaziba tyubu kwa solusheni yake mwenyewe, na pampu alikuwa nayo. Mikono yake haikuwa na haraka. Alipokuwa akingoja solusheni ishike, alinimiminia kahawa yenye iliki kutoka kwenye chupa, akanipa tende, akaninyooshea kidole kuta zilizo mbele yetu.

"Siku tuliyofika, baba alisimama hapa ulipokaa. Babu alimwambia nyumba yetu mlango wake unatazama mfereji. Basi baba akatafuta nyumba ambayo mlango wake unatazama mfereji. Tazama mwenyewe. Yote inatazama mfereji."

Nikatazama. Ilikuwa kama alivyosema.

Kisha akaniuliza swali lililonishika mpaka leo: zile nguzo za makaburi ya Tongoni, zimebaki ngapi zilizosimama? Alipokuwa mtoto, basi la kwenda Tanga lilikuwa likisimama karibu na hapo, na yeye na wenzake hushuka kukimbilia makaburini wakati dereva anatia maji rejeta. Tongoni iko umbali wa kilomita 17 hivi kusini mwa mji wetu, kando ya barabara ya Pangani: msikiti wa kale na makaburi kama 40, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo ni mawe yaliyozaliwa baharini kama ule mlima uliokuwa juu yetu. Barabara hiyo nimeipita kwa baiskeli mara nisizoweza kuhesabu. Nilikwenda ndani mara moja tu, pamoja na darasa, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimelipa nauli ya ndege na riyali 75 kuja kutazama magofu ya watu wengine, na mzee huyu, ambaye hajayaona ya kwetu kwa zaidi ya miaka hamsini, ndiye aliyekuwa anayaulizia kwa idadi. Nilimjibu ukweli, kwamba sijui. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kivuko cha Bweni bado kinavusha watu, na kama mto Pangani bado una mamba.

Hakutaka fedha. Tairi lile lilinifikisha Al Hamra jioni hiyo, na kesho yake likapanda nami hadi Misfat al-Abriyyin, kijiji cha mawe kilichoning'inia juu ya bustani za mitende, ambako kahawa ilikuwa ghali na njia ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopita. Muscat mwenye duka alinikata riyali 18 kwa tairi lililoharibika. Nilimwonyesha solusheni iliyokauka na valvu isiyolingana, akasema mkoba ule ni zawadi, hauhusiani na mkataba. Nilikilipia kile alichokitaka, lakini kabla ya kumkabidhi baiskeli nilichopoa kipande cha mzee, nikakiweka mfukoni.

Juzi nilikwenda Tongoni kuhesabu, nikampelekea mzee picha kwa simu, kila nguzo na yake, zilizosimama na zilizolala. Jibu lake lilikuja usiku. Ameshukuru, na sasa anataka picha ya kivuko, ipigwe kutoka upande wa Bweni.