Geji 16 ama geji 18? Angalia ukuta kwanza

Mafundi wenzangu wananiuliza sana wanunue bunduki gani ya misumari, hizi za hewa, kwa kazi ya finishingi, yaani skatingi, konisi, bidingi na mbao za kuzungushia fremu ya mlango. Mtu akiingia YouTube anaambiwa geji 16 (geji ni namba ya unene wa msumari) na anaishia hapo. Lakini huyo anayeongea mara nyingi yuko Marekani, ukuta wake ndani ni mbao na juu ni jipsam, so msumari ukishapita jipsam unapata mahali pa kushika. Wewe saiti yako iko Ruaka ama Umoja, huku upande wa Nairobi, ukuta ni mawe na plasta ya simiti, huo msumari mwembamba ukigonga jiwe unajikunja ama unaruka, hata ufungue kompresa yote.

Kwa hivyo kabla uulize geji, uliza unapigilia kwa nini. Skatingi kwa ukuta wa mawe toboa, weka fisha (plagi ya plastiki) na skrubu, ama utafute bunduki ya misumari ya simiti, zile za ST, na hiyo ni mashine ingine kabisa. Hizi ndogo zetu ni za mbao kwa mbao: konisi kwa mbao za silingi, bidingi za wadrobu, mgongo wa kabati ya jikoni.

Na kwa hiyo kazi mimi nasema geji 18 kwanza, bila kusita. Namba ikipanda msumari unakuwa mwembamba, 15 ni kama milimita 1.8, 16 ni 1.6, 18 ni 1.2 hivi, 23 ni kama sindano hauna hata kichwa. Sai kazi nyingi Nairobi ni MDF, yaani zile bodi za unga wa mbao uliogandishwa, na MDF ukiipiga kwa ukingo na msumari mnene inafunguka katikati kama kitabu, hapo hata filla haikuokoi, ni kukata kipande kingine na mteja amesimama hapo anaangalia. Geji 18 inaacha katundu kadogo, filla kidogo, msasa, rangi, kwisha. Misumari yake ni ya F, F30 ni milimita 30, F50 ni 50, so bidingi ya milimita 10 nachukua F30 ndio sehemu kubwa ya msumari iingie kwa mbao ya nyuma. Na weka gundi, tafadhali, msumari wa 18 kazi yake kubwa ni kushikilia hadi gundi ikauke.

Geji 16 nunua ukianza kupata kazi nzito, mahogani kwa fremu ya mlango, vitu vinene, misumari yake inafika hadi urefu wa milimita 64 na inashika vizuri zaidi. Ya 15 ni nzuri pia, lakini misumari yake imepangwa kwa mshazari na kuna ya pembe ya digrii 34 na ya digrii 25, moja haiingii kwa bunduki ya ingine, so zunguka maduka ya River Road ama Industrial Area uone misumari kabla ulipe mashine.

Presha anza na psi 70, jaribu kwa kipande cha kutupa cha mbao ileile, ongeza polepole hadi kichwa kizame kidogo tu. Toa maji kwa tangi ya kompresa kila jioni. Kama ni apatimenti watu wameshaingia, ongea na keateka mapema kuhusu kelele ya kompresa.

Alafu triga. Kuna ya kupiga kila ukigusa mbao na kuna ya kufinya moja moja, kwa finishingi chukua ya moja moja. Mkono unaoshikilia bidingi ukae mbali, ncha ya msumari ikifuata nyuzi za mbao inatokea kando mahali hukutarajia, na ukikwama ndani chomoa paipu ya hewa kwanza ndio ufungue.