Mguu wa korongo

Kampala, Jumanne jioni

Bado nauwaza mguu wa korongo. Kwenye bendera ya Uganda ndege huyu ameinua mguu mmoja, ishara ya nchi inayosonga mbele. Ichore bendera hiyo ndogo ya kuweka pembeni mwa kalenda, pikseli (vinukta vinavyounda picha) 90 kwa 60: kila mstari kati ya ile 6 unapata pikseli 10, na mguu unabaki uzi wa pikseli moja. Ukikosea moja tu, korongo kasimama kwa miguu miwili.

Paint, programu ya kuchorea ya Windows, kwenye Windows 7 na Windows 10 huishia kukuza kwa asilimia 800. Hapo pikseli ya picha inachukua 8 za skrini kwa upana. Kwenye laptop ya inchi 14 yenye pikseli 1366 kwa upana, hiyo ni kama milimita 2. Jicho lililochoka halitoshelezwi.

Wengi hukimbilia Ctrl+W, wakaikuza picha yenyewe kwa asilimia 200, wakarekebisha, wakairudisha kwa 50. Tafadhali, usifanye hivyo. Paint ikibadilisha ukubwa hulainisha kingo: kati ya nyeusi na nyeupe huzuka kijivu, na kijivu hicho hakiondoki. Baadaye ukimwaga rangi kwa ndoo, unabaki na ukingo mchafu, maana ndoo hujaza rangi ileile uliyoibonyeza tu.

Kuza unachokiona, picha uiache. Weka Paint kwenye 800, washa gridi kwa Ctrl+G, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Magnifier, kikuzaji skrini cha Windows, itafunguka, na kwa asilimia 200 ile pikseli inafika milimita 4. Ctrl+Alt+L huifanya lenzi inayofuata kipanya. Windows na Esc huifunga.

Shika penseli, kwani brashi nayo hulainisha. Rangi 1 iwe nyeusi, Rangi 2 nyeupe: kitufe cha kushoto kinachora mguu, cha kulia kinafuta.

Kwa ukurasa wa A4 uliopigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi, wenye upana wa pikseli 2480, tatizo ni kupotea, kwa sababu kwenye 800 unaona kama pikseli 170 tu kwa upana. Andika kwanza namba za mahali zinazoonekana chini ya dirisha.

Hifadhi kama faili la PNG, tena mara kwa mara, umeme usije ukakatika. Aina nyingine, JPEG, hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ukungu wake hutua palepale, kandokando ya mguu.