Beseni la shaba kwenye picha ya msiba

Leo nilikuwa kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na Mona Lisa nimempita bila kusimama. Watu walishajaa pale, simu juu, na mimi nilikuwa na miadi na mtu mwingine. Kwenye ule ukumbi mrefu wa picha za Waitalia kuna Kifo cha Bikira Maria, picha ya Caravaggio, mchoraji Mwitaliano wa miaka ya 1600. Kimo chake ni kama mita 3 na sentimita 70, kwa hiyo hata watu wakipita mbele yako bado unaiona. Na wanapita kweli, wengi wao wakiuliza Mona Lisa yuko wapi.

Nimelelewa na Ukatoliki wa picha za kalenda. Agosti 15, Kupalizwa Mbinguni: Mama Maria katika joho la buluu, mawingu chini ya miguu, malaika wanene pembeni, macho juu. Huyu wa Caravaggio amelala chali, gauni jekundu limelegea kifuani, tumbo limevimba, mkono mmoja umeanguka pembeni kama wa mtu aliyekata roho na bado hakuna aliyemweka sawa. Nyayo zake ziko peku, zimejitokeza ukingoni mwa kitanda. Utakatifu wake wote umebaki kwenye kiduara chembamba cha dhahabu kuzunguka kichwa, na usipokitafuta hukioni.

Nilikaa zaidi kwenye mwanga. Unatoka juu kushoto, lakini dirisha halipo, taa haipo, wala haushuki kutoka mbinguni kwa miale kama tulivyozoea. Unapita tu juu ya mitume waliosimama kando ya kitanda, unagusa upara wa huyu na paji la yule, unatua usoni kwa marehemu, halafu unaishia kwenye shingo ya Maria Magdalena. Shingo, si uso. Magdalena amekaa kwenye kiti kifupi, amejikunja mpaka kichwa kinakaribia magoti, na tunachoonyeshwa ni kisogo, nywele zilizofungwa na bega. Mzee mmoja amejifunika macho kwa mikono yake. Wengine wamezama kwenye giza, unahisi wapo kuliko unavyowaona.

Hapo ndipo nilipoielewa picha hii, au niseme ndipo iliponishika. Wachoraji wengi wa zama za Baroko, yaani mtindo wa karne ya 17 wa kutikisa hisia, wakitaka ulie, watakupa uso wenye machozi na mwanga juu yake, mdomo wazi, macho kwenye dari. Caravaggio nyuso za wanaolia amezificha. Mwanga wake wote ameutumia kwenye visogo, upara, na uso wa mtu mmoja tu ambaye halii, kwa kuwa amekufa. Aliyewahi kukaa msibani anajua kwamba ndivyo ilivyo. Mfiwa mkubwa humwoni uso. Unauona mgongo wake ukitikisika chini ya kanga, na unajua.

Kisha kuna beseni. Liko sakafuni karibu na Magdalena, la shaba, la kawaida kabisa. Ni la kuoshea maiti. Kwa hiyo kazi bado ipo, na aliyepaswa kuifanya ameshindwa kuinuka. Sijui kama wageni wote wanaopita pale wanaliona beseni lile kama ninavyoliona mimi, niliyetoka kwa watu ambao kina mama hujifungia chumbani na marehemu na maji, na sisi wengine tunangoja nje.

Kuhusu giza lenyewe, Caravaggio alizoea kuanza na turubai lililopakwa kahawia nzito, halafu juu yake ndipo anajenga sehemu zenye mwanga. Kivuli hakikuongezwa baadaye ili kupendezesha. Kilitangulia, na watu wamechomolewa humo kidogo kidogo. Sehemu yote ya juu ameiachia pazia jekundu na boriti za dari. Mchoraji mwingine hapo angeweka mbingu.

Watawa Wakarmeli waliikataa. Picha iliagizwa mwaka 1601 na mwanasheria Laerzio Cherubini, kwa ajili ya kanisa lao la Santa Maria della Scala mjini Roma. Walioandika habari za Caravaggio enzi hizo wanatoa sababu tofauti: mmoja anasema ni miguu wazi na mwili uliovimba, mwingine anasema mwanamke aliyetumiwa kama mfano wa kumchora Maria alikuwa kahaba. Mimi siwalaumu sana hao watawa. Walitaka Maria aliyelala usingizi mtamu akingoja kupaa, wakaletewa maiti. Mbele ya altare, kila asubuhi, si jambo dogo.

Mchoraji Rubens, ambaye naye alikuwa kijana bado, alimshauri Mtawala wa Mantua, huko Italia, ainunue, na mwaka 1607 ikanunuliwa. Kabla haijaondoka Roma iliachwa wazi wiki nzima ili watu waitazame. Baadaye ikaenda kwa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, yule aliyekatwa kichwa, na hatimaye kwa Louis wa 14 wa Ufaransa. Wafalme hawakuona shida na nyayo peku.

Kule Santa Maria della Scala kazi alipewa mchoraji mwingine, Carlo Saraceni. Yeye alimchora Maria ameketi, yu hai bado, mikono pamoja. Hiyo nayo wakairudisha, maana juu palikuwa na majengo matupu. Akachora ya pili, juu akajaza malaika, ndipo wakakubali. Nimeitafuta jioni hii kwenye simu. Imechorwa vizuri, mwanga umeenea kila mahali na kila mtu anaonekana uso.