Wati 40 kwenye sebule ya Forest Mpya

Jumamosi, usiku

Leo nimepiga gitaa jioni nzima, amplifaya ikiwa imewaka, na mtoto mchanga wa chumba cha pili hakuamka. Naandika haya kwa sababu nawajua wapigaji wengi wa kwaya hapa Mbeya wanaoishi nyumba za kupanga. Wengi wao hufanya mazoezi na gitaa la umeme ambalo halijachomekwa popote, na hilo linanisikitisha. Gitaa kavu hukufanya uchape nyuzi kwa nguvu ili ujisikie. Jumapili ukichomeka, mkono unaendelea kuchapa vilevile, kila noti inatoka na ukali, na mwalimu wa kwaya anakutazama. Mguso hujifunzwa kwenye spika. Kwa hiyo spika lazima iweze kuongea taratibu.

Amplifaya yangu ni ya vali, yaani zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti, wati 40, spika moja ya inchi 12. Ilitoka Marekani ikiwa imeshatumika, inataka volti 120, basi inaishi na transfoma yake ya kushusha umeme wetu wa 230. Ni chombo cha jukwaani. Unazungusha voliumu kutoka sifuri, kimya. Unasogeza tena kidogo, kimya. Unasogeza unywele mmoja, sebule nzima imejaa. Katikati hakuna.

Watu waliniambia niiuze, ninunue ndogo. Nilikaa na hesabu zake, na hesabu haziungi mkono ushauri huo. Kutoka wati 40 kwenda 20 unapunguza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaitambua lakini jirani hatakushukuru kwayo. Ukishuka hadi wati 4, yaani sehemu ya kumi, unapunguza desibeli 10, na hapo ndipo sikio linaona sauti imepungua kama nusu. Nusu tu! Tena spika za gitaa ni nyepesi kuitikia: nyingi, ukizipa wati moja, hutoa kama desibeli 97 hadi 100 umbali wa mita moja, wakati mazungumzo ya kawaida yako karibu na 60. Ili sauti ikae sebuleni bila kusumbua, spika inahitaji kama sehemu moja ya elfu ya wati. Hata amplifaya ya wati 5 ni kubwa mno kwa nyumba hii. Suala zima liko kwenye namna ya kufikia kile kipande kidogo cha umeme kwa utulivu.

Ushauri mwingi unaozunguka duniani umeandikwa na wapigaji wa roki. Wao wanataka vali za mwisho zifanye kazi hadi sauti ivunjike, kisha wanaweka kati ya amplifaya na spika kisanduku kinachomeza nguvu na kuigeuza joto. Kwa muziki wao ni sahihi. Lazima omu za kisanduku, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilingane na za amplifaya, na vilivyo imara si vya bei rahisi. Ila mimi napiga rithimu ya kwaya na solo za dansi. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz lilikuwa safi, kila noti imesimama peke yake, na hilo ndilo gitaa nililolelewa nalo. Sihitaji vali ziungue ili nipate sauti yangu. Nahitaji voliumu inayopanda polepole.

Dawa niliipata nyuma ya amplifaya, kwenye matundu mawili ambayo wengi hawayagusi: moja linatoa sauti kabla haijaingia hatua ya mwisho inayoipa nguvu, la pili linairudisha. Fundi redio wa Mwanjelwa alinitengenezea kisanduku cha chuma chenye matundu mawili ya jeki na voliumu moja ndani yake, hakina betri wala umeme. Waya unatoka kwenye amplifaya, unapita kwenye kisanduku, unarudi. Sasa voliumu ya amplifaya naiweka mahali inapopumua vizuri, na kiasi nakirekebisha kwenye kisanduku, tena kwa nafasi kubwa ya kuzungusha. Angalizo: yapo matundu ambayo hupitisha sehemu tu ya sauti na kuacha nyingine ipite moja kwa moja, na kwa hayo kisanduku hakitafua dafu.

Nilijaribu pia kubadilisha vali ya kwanza, kutoa 12AX7 na kuweka 12AT7. Ya kwanza ina kipimo cha ukuzaji cha 100, ya pili 60, na kweli voliumu ilitulia. Lakini masikio yangu yalisikia sauti imekonda kidogo, nikairudisha ya zamani. Kwa amplifaya isiyo na yale matundu ya nyuma, ningeanzia hapo hapo kwenye vali, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Zaidi ya vali hizo ndogo, ndani nisiguse, na wewe usiguse: kapasita, vile vifaa vinavyotunza chaji ya umeme, huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa. Wala usichomoe spika ukidhani umepata ukimya. Amplifaya ya vali ikiwashwa na kupigwa bila spika huweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti. Na blanketi usiifunike. Vali ni moto.

Hayo yote yalipokaa sawa, bado mzee wa ghorofa ya chini alikuwa hajaridhika. Nilishuka kumsalimia.

“Shikamoo baba. Gitaa bado linakusumbua?”

“Marahaba mwanangu. Gitaa mimi silisikii. Nasikia mtu anagonga dari.”

Akanikaribisha niketi kwenye kochi lake, na mdogo wangu akapiga juu. Nawasihi sana mfanye hivi, kushuka na kuketi upande wa pili wa zege. Nyuzi nyembamba hazikufika kabisa. Ule uzi mnene wa juu, ambao mtetemo wake ni kama mara 82 kwa sekunde, ulishuka kama ulivyo, kwa sababu amplifaya ilikuwa imekaa sakafuni na zege lenyewe lilikuwa linatetemeka nayo. Zulia na mapazia hula trebo, yaani sauti nyembamba, lakini besi, zile nzito, hazijali.

Basi nikaipandisha kwenye kiti cha mbao, chini ya miguu ya kiti nikaweka vipande vya godoro, nikaisogeza kutoka kwenye kona, maana kona huzidisha besi. Nikailaza kidogo nyuma ili uso wa spika unitazame masikioni. Trebo ya spika ya gitaa huenda mbele kwa mstari mwembamba. Ikiwa sakafuni inakupiga miguuni, wewe unaongeza sauti ukitafuta uwazi ambao ungeupata kwa kuinua chombo tu.

Hapa palikuwa na mvutano ulionisumbua zaidi ya yote. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko sauti za kati. Kwa hiyo ukipiga taratibu gitaa linaonekana limekonda, mkono unakwenda wenyewe kuongeza besi, na besi ndiyo hiyo hiyo inayomshukia mzee. Nilichoamua ni kusogea. Sasa nakaa karibu kabisa na spika, kama nusu mita. Kila ukipunguza umbali kwa nusu unajiongezea hadi desibeli 6, ingawa ndani ya chumba huwa pungufu, na aliye chini hapati chochote cha ziada. Besi nimeiongeza kidogo sana. Kanisani naishusha tena kabla ya noti ya kwanza, kwa sababu kwenye sauti kubwa ile besi ya sebuleni hugeuka ngurumo na kuwafunika waimbaji wa sauti ya nne.

Mzee tumekubaliana mwisho saa tatu usiku. Jana aliponiona kwenye ngazi alisema, “Ndaga fijo, mwanangu,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nami nikafurahi sana.

Limebaki moja. Nikishusha voliumu ya gitaa lenyewe, trebo inapotea kabla ya sauti, na kwenye kiwango hiki cha chini inasikika wazi. Fundi anasema kapasita ndogo ikiunganishwa kwenye voliumu ya gitaa itaacha trebo ipite. Jumatatu nampelekea. Nimemwomba aishike kwa nyaya fupi kwanza, asiiunganishe kwa kudumu, ili nisikilize kwa wiki moja. Kapasita ikizidi ukubwa gitaa linakuwa kali ukilishusha, na ukali ndio niliokuwa naukimbia.