Tulivyolipwa pesa za matokeo bila kuongeza hata jina moja

Naandika haya kwa sababu wakunga na wakuu wa vituo wanaendelea kupewa ushauri mbovu kuhusu malipo kwa matokeo, yaani kituo kulipwa kwa huduma zilizohesabiwa na kuhakikiwa, na nimechoka kuusikia. Mtu mwenye cheo chake alisimama mbele yetu kwenye semina akasema siri ni "kuichangamsha rejista". Kila aliyekuwa pale alielewa: ongeza majina. Mwingine alitaka tumlipe yeye ndiyo atutengenezee mpango wa robo mwaka. Hatukufanya la huyu wala la yule, na kituo chetu kikalipwa, robo baada ya robo, bila kukatwa cha kuumiza.

Sisi ni kituo cha afya cha ngazi ya tatu huku Busia ya Uganda, upande wa ziwani. Tuna wodi ya wazazi, maabara ndogo na wagonjwa wa nje. Tangu ada zifutwe kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, tunategemea ruzuku ya PHC, pesa za serikali za huduma ya afya ya msingi. Hiyo ikishalipa mfagiaji, sabuni na mafuta ya pikipiki ya chanjo, imekwisha. Basi Wizara ya Afya ilipoleta malipo kwa matokeo kupitia mradi wa afya ya mama na mtoto, ule wa dola milioni 165 uliopitishwa 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ruzuku za Sweden na GFF, mfuko wa kimataifa wa afya ya mama na mtoto, mimi binafsi nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza kazi ya usiku ya mkunga ilikuwa na bei iliyoandikwa. Mama akikamilisha mahudhurio manne ya kliniki, kuna malipo. Akijifungulia kwetu, kuna malipo. Vivyo hivyo uzazi wa mpango na chanjo.

Lakini hulipwi kwa kusema. Timu ya wilaya inakuja, inafungua rejista, inahesabu mstari kwa mstari na kulinganisha na HMIS 105, ripoti ya kila mwezi ya kituo mliyotuma. Inapima na ubora. Kisha majina machache yanachomolewa, na mtu anatumwa vijijini kuwatafuta hao akina mama na kuwauliza: ulikwenda kweli? Ulihudumiwa nini? Ulitozwa chochote? Mama asiyeonekana anahesabika dhidi yenu, hata kama ulimzalisha kwa mikono yako mwenyewe.

Hapo ndipo vituo vingi vya jirani vilipoumia, tena vituo vyenye watu waaminifu. Ukija huku ukauliza "Nabwire yuko wapi?" utaulizwa Nabwire yupi. Kijiji kimoja kina akina Nabwire wa kutosha kujaza benchi letu la kliniki, na bado hujawafikia akina Ajambo, Nekesa na Auma. Rejista ina nafasi ya jina, umri na kijiji, basi. Mtafutaji anazunguka na boda tangu asubuhi, anachoka, anaandika "hayupo".

Wazo la kwanza lililokuja mezani lilikuwa simu, na kila mtu alilipenda. Tukanunua muda wa maongezi, tukakusanya namba, na mwenzetu wa kumbukumbu akapewa kazi ya kuwapigia akina mama: kuwakumbusha tarehe na kuhakikisha wanapatikana. Kumbe namba nyingi si zao. Hii ni ya mume, naye yuko ziwani usiku kucha, simu kaiacha kwenye kibanda cha kuchaji. Ile ni laini ya Kenya, inawashwa tu mwenyewe akivuka mpaka. Nyingine ikapokelewa na mama mkwe ambaye hajaambiwa kama kuna mimba, na mkaza mwana akaja kwetu analia. Kubwa kuliko yote, mume mmoja alisikia sauti ya kiume ikimuulizia mkewe kwa jina kamili, akapanda boda hadi kituoni kumtaka huyo mwanamume ajitokeze. Mwenyekiti wa kamati ya kituo ndiye aliyemtuliza, kwa maneno mengi na soda. Simu zikakomea hapo.

Dawa ilitoka kwa mama mmoja VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, mtu mzima, hajawahi kukaa kwenye semina ya hoteli. Alisema, "Musawo (daktari), hayo majina ni ya hospitali. Nyumbani mtu anajulikana kwa mwanawe na kwa kazi ya mumewe." Nikanunua kaunta buku, elfu chache tu za shilingi, nikalichora mistari siku hiyohiyo. Safu ya kwanza ni namba ya mstari kutoka kwenye rejista. Ya pili, mama wa nani. Ya tatu, mwenyekiti wake wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Ya nne, alama ya kufika: "nyuma ya msikiti, mke wa fundi baiskeli", au "kisima cha pampu, nyumba ya mabati yenye mwembe". Ya tano ndiyo ninayoisifu zaidi: nani atajua akihama. Huku msichana akikaribia kujifungua mimba ya kwanza mara nyingi anarudi kwao, na jirani ndiye anayejua kwao ni wapi.

Mtu ataniuliza, kwa nini usiandike pembeni mwa rejista? Kwa sababu rejista ya kliniki ina majibu ya kipimo cha UKIMWI. Anayetumwa kijijini hana haja ya kuona ukurasa huo, na mama akijua majibu yake yanatembezwa kwenye boda, harudi tena, naye atakuwa na haki. Daftari langu lina namba na njia tu. Hili msilipuuze.

Kijana aliyetumwa kuhakiki robo iliyofuata alikuja na karatasi yake na uso wa mtu anayejua atachelewa kurudi kwake. Nikamfungulia daftari, akanakili. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi, majina yote yameonekana. Alisema Nabwire wa fundi baiskeli alitoa kadi yake ya kliniki kutoka chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni, akamwonyesha tarehe zote na neti aliyopewa siku ya kwanza, halafu akamuuliza kama amekuja kumletea mama kit, ule mfuko wa vifaa vya kujifungulia. Niliposikia hivyo nilifurahi kuliko siku pesa zilipoingia benki.

Mengine nayasema haraka. Tulihamisha siku ya kliniki isigongane na siku ya soko, na mahudhurio ya nne yakapanda yenyewe. Ubora una alama zake, kwa hiyo shimo la kutupia kondo la nyuma liwe na mfuniko, maji ya kunawa yawepo, kadi za stoo ziandikwe dawa inapotoka na si mkaguzi anapoingia getini. Wanaovuka kutoka Kenya kujifungua kwetu tuliwaulizia wilayani mapema wahesabiwe vipi, tusingoje robo iishe. Na pesa huchelewa. Mwenye duka akikwambia chukua saruji utalipa pesa za matokeo zikija, kataa. Tulipopata zetu tulirekebisha taa za wodi ya wazazi na kununua kitanda cha kujifungulia, kamati ikasaini kila kitu.

Kuna wanaodai ukiwaahidi wahudumu bonasi tu, mambo yatajipanga. Uganda ilikwisha lijaribu hilo: kati ya 2003 na 2005 vituo visivyo vya faida katika baadhi ya wilaya viliahidiwa bonasi kwa kufikia malengo, na watafiti hawakuona tofauti ya maana. Mimi silishangai hilo. Bonasi haimleti kliniki mama ambaye siku hiyo yuko sokoni, wala haimwonyeshi mhakiki nyumba yake.

Wanaokuja kunakili daftari nawaambia wasichukue safu zangu kama zilivyo. Huku ufukweni watu wanahama wakifuata samaki, ndiyo maana VHT wanalipitia kila mwezi na kufuta waliohama. Kwenye kambi ya wakimbizi andika namba ya bloku na jina la kiongozi wake. Mjini, ambako jirani hamjui jirani, andika jina la mwenye nyumba na rangi ya geti.