Nilivyoifufua Mashine ya Boti Iliyolala kwa Miaka

Mashine niliyokabidhiwa Kilindoni, kisiwani Mafia, ilikuwa Yamaha ya nguvu farasi 40, ya mipigo miwili (aina inayochanganyiwa oili ndani ya petroli), iliyokuwa imetundikwa bandani tangu mwenyewe alipoacha uvuvi. Mzee jirani aliniambia, "Vuta kamba tu, mwanangu, hizi hazifi." Nilimshukuru, lakini kamba sikuigusa, kwa sababu silinda iliyokauka katika hewa ya chumvi huweza kuota kutu, na kuizungusha kwa nguvu ni kuikwaruza.

Nilifungua plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha mafuta, nikatia oili kidogo katika kila tundu na kuiacha hadi siku ya pili, kisha nikaizungusha flaiwili, gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mkono, polepole, mpaka nikahisi pistoni zinapanda na kushuka bila kukwama. Nilipozipima plagi, cheche zilikuwapo.

Tatizo lilikuwa kwenye mafuta. Petroli ikikaa miezi mingi, sehemu yake nyepesi hupaa na inayobaki hugeuka utomvu wa kahawia unaoziba jeti, yaani vitundu vyembamba vya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Niliifungua kabureta yote, nikaiosha kwa dawa yake na kuipuliza kwa upepo wa kompresa ya fundi wa matairi, wala sikuzichokoa jeti kwa waya, kwani tundu likipanuka hata kidogo kipimo cha petroli huharibika. Mpira wa mafuta pamoja na pampu yake ya mkono vilikuwa vimepasuka, nikanunua vipya.

Hata hivyo, kilichonishughulisha zaidi ni maji ya kupoza mashine. Wengi huhangaika na plagi, ilhali mashine inayowaka bila kupozwa ndiyo inayokufa moja kwa moja. Niliposhusha mguu wa mashine niliikuta impela, gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu, ina mapezi yaliyokakamaa, yamepindia upande mmoja, nikaibadilisha. Themostati, kifaa kinachodhibiti joto la mashine, ilikuwa imejaa chumvi, nikailoweka kwenye siki. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yamepenya, hivyo nikaweka sili mpya, mpira wa kuzuia maji, kwenye shafti inayozungusha propela na kujaza oili kupitia tundu la chini hadi ilipochungulia tundu la juu.

Kwa jaribio niliifunga kwenye ubao imara, mguu ukiwa ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi na propela nikiwa nimeivua. Katika lita 20 za petroli nilitia mililita 800 za oili, mara mbili ya kipimo cha kawaida cha 50 kwa 1, ili kuta za silinda zilizokaa kavu zipate oili ya ziada. Iliwaka kwa moshi wa kutisha, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kitundu kinachotema maji: yalitoka kwa kusuasua, yakasukuma vipande vya chumvi, kisha yakashika mkondo. Mafuta hayo yalipokwisha nilirudi kwenye kipimo cha kawaida na kuweka plagi mpya, kwa kuwa oili nyingi ilikuwa imezichafua zile za awali.